Kufaana Pasipo Kufanana: Lugha, Mamlaka na Gharama ya Kuishi Pamoja katika Bunilizi za Octavia E. Butler

Ikisiri

Uhakiki mwingi wa kazi za Octavia E. Butler umejikita katika dhamira za utumwa, rangi, jinsia na mamlaka. Makala hii inadai kwamba dhamira hizo zina mlango mmoja ambao haujaangaliwa vya kutosha, nao ni lugha. Kutoka *Kindred* (1979) hadi "Amnesty" (2003), wahusika wakuu wa Butler ni watu wanaojifunza lugha ya mwenye nguvu, wanaonyimwa kalamu, au wanaofanya ukalimani kati ya pande mbili zisizoaminiana. Kwa kuitumia methali "Undugu ni kufaana, si kufanana" kama kipimo cha uchambuzi, makala inafuatilia dhamira hizi katika riwaya na hadithi fupi teule, inaonyesha mahali ambapo fikra za mwandishi zina upungufu, kisha inajadili fumbo linalomkabili mfasiri wa Kiswahili. Hitimisho linahusisha matokeo hayo na sera ya Kiswahili katika nchi ambazo lugha hii imepewa hadhi rasmi kabla haijapata wasomaji.

Istilahi muhimu: bunilizi ya kubashiri, lugha na mamlaka, kisomo, ukalimani, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Octavia Estelle Butler alizaliwa Pasadena, California, tarehe 22 Juni 1947, akafariki dunia katika jimbo la Washington tarehe 24 Februari 2006. Mama yake alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu. Baba yake alifariki binti akiwa bado mdogo. Katika maisha yake ya uandishi alichapisha riwaya 12 na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi na insha. Hadithi yake "Speech Sounds" ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1984. "Bloodchild" ikapata Hugo mwaka uliofuata pamoja na tuzo ya Nebula. Mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi ya kisayansi kupewa ruzuku ya Wakfu wa MacArthur.

Katika makala hii, istilahi "bunilizi ya kubashiri" inatumika kwa maana ya kazi inayojenga ulimwengu usiokuwapo ili kuupima ulimwengu uliopo. Kwa maana hiyo, utanzu huu si mgeni katika Kiswahili. Shaaban Robert aliiweka nchi ya *Kusadikika* (1951) angani ili azungumzie haki ya ardhini. Euphrase Kezilahabi, katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), aliuvunja mpangilio wa wakati na mahali ili autafute ukweli. Katama Mkangi alimtoa mhusika wake katika sayari moja, akamtua katika nyingine katika *Walenisi* (1995), naye K. W. Wamitila akamzungusha shujaa wake duniani kote katika *Bina-Adamu!* (2002). Msomaji aliyelelewa na kazi hizi anapokutana na Butler hakutani na jambo jipya kwa umbo. Upya uko katika swali. Waandishi wetu wameuliza zaidi: jamii njema ina sura gani? Butler anauliza: ikiwa jamii njema haipatikani, na aliyekushika ana nguvu kukuliko, utaishi naye kwa masharti gani, na masharti hayo yatanenwa kwa lugha ya nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu tunaofanya kazi ya Kiswahili nje ya kitovu chake cha pwani. Katika nchi zetu, Kiswahili hakikufika siku zote kikiwa mgeni mwenye zawadi. Nchini Uganda, kizazi kizima kilikijua kama lugha ya kambi za jeshi. Huko Katanga, kama alivyoonyesha Johannes Fabian (1986), kilikuzwa na utawala wa Kibelgiji na kampuni ya migodi kama lugha ya kuwaamrishia wachimba shaba. Watu haohao baadaye waliifanya kuwa lugha ya nyumbani, ya ibada na ya nyimbo. Historia hii ya kupokea lugha kutoka mkononi mwa mwenye nguvu na kuifanya ya kwako ndiyo hasa anayoisimulia Butler, ijapokuwa hakuandika habari zetu.

2.0 Mkabala wa uchambuzi

Makala inatumia usomaji wa karibu wa matini, ikiongozwa na methali "Undugu ni kufaana, si kufanana". Methali hii ina madai mawili. La kwanza ni kwamba mfanano wa damu, rangi au umbo hautoshi kuwa msingi wa undugu. La pili ni kwamba manufaa ya pande mbili yanatosha. Butler anakubaliana na dai la kwanza bila kusita. Dai la pili ndilo analolitilia shaka katika kila kitabu, kwa sababu kila anapoonyesha watu wakifaana anaonyesha pia nani amelipa zaidi. Kwa hiyo methali inatumika hapa kama kipimo kinachoweza nacho kupimwa.

Kazi zilizoteuliwa ni *Kindred* (1979), *Wild Seed* (1980), "Speech Sounds" (1983), "Bloodchild" (1984), *Dawn* (1987), *Parable of the Sower* (1993), *Parable of the Talents* (1998) na "Amnesty" (2003). Uteuzi umezingatia kazi ambamo tendo la kujifunza, kuandika, kunyamaza au kufasiri linabeba mgogoro mkuu.

3.0 Kalamu iliyozuiwa

Dana, mhusika mkuu wa *Kindred*, ni mwandishi Mweusi anayeishi California mwaka 1976. Nguvu isiyoelezwa inamvuta mara kwa mara hadi Maryland ya mwanzoni mwa karne ya 19, kila wakati ambapo maisha ya Rufus Weylin, mtoto wa mwenye watumwa, yako hatarini. Rufus ni babu wa mababu zake. Asipomwokoa, ukoo wake hautazaliwa. Wahakiki wamelijadili sana fumbo hili la damu. Lakini tukitazama matukio yanayomletea Dana mateso, tunaona kwamba mengi yanahusu maandishi.

Dana anamfundisha Nigel, kijana mtumwa, kusoma. Tom Weylin anamkuta jikoni na kitabu, anampiga mijeledi. Dana anamwandikia barua mumewe Kevin aliyeachwa katika wakati ule. Rufus anazificha barua hizo badala ya kuzituma, na kugunduliwa kwake kunamfanya Dana atoroke, akamatwe na kupigwa tena. Baadaye, Rufus anaporithi shamba, anamtaka Dana amwandikie barua za shughuli zake. Kisomo kilekile kilichokuwa kosa mkononi mwa Nigel kinakuwa huduma kikimtumikia bwana. Butler haiachi hoja hii katika karne ya 19 pekee. Katika sehemu za riwaya zinazosimulia maisha ya Dana na Kevin kabla ya safari, Kevin, mume mwema na mwandishi mwenzake, anamtaka amchapie miswada yake, Dana anakataa. Mwandishi hasemi kwamba Kevin ni Rufus. Anaonyesha tu kwamba swali la mkono wa nani uandike maneno ya nani halikufa pamoja na utumwa.

Mkabala wa Dana ni Carrie, msichana mtumwa ambaye ni bubu na huzungumza kwa ishara. Dana anapolalamika kwamba watumwa wenzake wanamwona kama Mzungu, Carrie anamsugua uso kwa nguvu kisha anamwonyesha vidole vyake: weusi haukutoka. Nigel anahitajika kuifafanua ishara hiyo. Katika riwaya iliyojaa watu wanaojua kusoma, kauli iliyo wazi kuliko zote kuhusu utambulisho inatolewa na mtu asiye na sauti, na inamfikia mlengwa kwa njia ya mkalimani.

Dhamira hii inarudi miaka minane baadaye katika *Dawn*. Lilith Iyapo anazinduka ndani ya chombo cha viumbe wa angani waitwao Oankali, karne mbili na nusu baada ya vita vya nyuklia kuiangamiza dunia. Viumbe hawa wamewaokoa wanadamu waliosalia. Wanamlisha na kumtibu. Lilith anapoomba kitu cha kuandikia ili ajifunze lugha yao kwa njia anayoijua, ananyimwa. Badala yake, kiumbe kijana aitwaye Nikanj anaubadilisha ubongo wake ili asisahau chochote. Kwa kipimo cha matokeo, zawadi ni kubwa kuliko ombi. Kwa kipimo cha mamlaka, ombi lilikuwa la chombo ambacho Lilith angekishika mwenyewe, na alichopewa ni mabadiliko ambayo mwingine ameyafanya ndani ya mwili wake. Msomaji yeyote aliyefanya kazi katika mradi wa lugha uliofadhiliwa kutoka nje ataitambua tofauti hiyo.

Katika *Parable of the Talents*, jamii changa ya Acorn inavamiwa na wafuasi wenye msimamo mkali wa kidini. Watu wazima wanavishwa makoja ya kuwatesa kwa mbali. Watoto wao wanachukuliwa. Lauren Olamina anaendelea kuandika shajara kwa siri. Riwaya zote mbili za mfululizo huu zimejengwa kwa kiasi kikubwa kwa shajara zake, hata kila ukurasa wa shajara tunaousoma ni ushahidi kwamba kuna siku kalamu haikuzuilika. Ni Lauren huyuhuyu ambaye, akiwa njiani kuelekea kaskazini katika riwaya ya kwanza, anaanza kumfundisha Zahra kusoma. Tendo lililomletea Dana mijeledi limekuwa jiwe la msingi la jamii mpya.

4.0 Kujifunza lugha ya mwenye nguvu

*Wild Seed* inaanza mwaka 1690 katika Afrika Magharibi. Anyanwu, mwanamke mganga aliyeishi miaka mia tatu na anayeweza kuubadilisha mwili wake atakavyo, anafikiwa na Doro, roho kongwe iliyozaliwa Nubia, ihamayo kutoka mwili hadi mwili kwa kuua. Doro anakusanya watu wenye vipaji na kuwazalisha kama mfugaji. Mazungumzo yao ya mwanzo yana adabu: Doro anamsemesha Anyanwu kwa lugha anayoielewa. Hapa Butler anatufundisha jambo ambalo wataalamu wa lugha hulisahau. Kuijua lugha ya mwenzako ni heshima, na pia ni nyenzo ya kumpata. Doro amejifunza lugha nyingi kwa sababu amewinda katika nchi nyingi.

Baada ya kuvuka bahari, mzigo wa kujifunza unahamia kwa Anyanwu. Ni yeye anayepaswa kujua Kiingereza, mavazi na vyakula vya koloni la New York, yakiwamo maziwa ya mnyama ambayo kwake ni chukizo. Anajifunza yote kwa ustadi. Ustadi huo ndio silaha yake, nao ndio unaomfanya azidi kufaa katika mpango wa Doro. Mwishoni, kitu kinachomlazimisha Doro kubadili mwenendo wake ni uamuzi wa Anyanwu wa kufa, yaani kuacha kufaa. Methali yetu inapata hapa jaribio lake kali kabisa. Ikiwa undugu ni kufaana, basi mnyonge hana neno la mwisho ila kutishia kutofaa.

Lilith naye anafundishwa lugha ya Oankali ili awazindue na kuwaandaa wanadamu wenzake. Kadiri anavyoelewana na viumbe ndivyo wanadamu wanavyomwona msaliti. Joseph, mwenzi wake, anauawa na binadamu mwenzake. Butler anauweka wazi ukweli ambao sera za lugha huufunika kwa maneno mazuri: mtu anayevuka mpaka wa lugha mapema kuliko wenzake hulipa kwa kutoaminiwa na pande zote mbili.

5.0 Mkalimani na mkataba usio sawa

"Bloodchild" imesomwa na wengi kama istiari ya utumwa. Wanadamu waliokimbia dunia wanaishi katika hifadhi chini ya viumbe Tlic, na baadhi yao hubeba mayai ya viumbe hao miilini mwao. Butler mwenyewe, katika maelezo aliyoyaambatisha na hadithi hiyo, aliukataa usomaji huo. Aliiita hadithi ya mapenzi, ya kukua, na ya mwanamume anayebeba mimba. Akaeleza pia kwamba alitaka kuwaza wanadamu wangelipa kodi gani ili waishi katika nchi isiyo yao. Hatulazimiki kumfuata mwandishi katika kila jambo. Hata hivyo, maelezo yake yanatuelekeza kwenye kiini: kijana Gan, akiwa na bunduki haramu mkononi, anamtaka T'Gatoi azungumze naye kama mtu anayeweza kukataa. Mkataba haubadiliki sana. Kinachobadilika ni kwamba umesemwa kwa sauti, na aliyekuwa akilindwa kwa kutoambiwa sasa ameona na ameuliza.

Hoja hii inakamilika katika "Amnesty". Viumbe wageni, kila kimoja kikiwa jumuiya ya viumbe vidogo vingi, wametua katika majangwa ya dunia. Noah Cannon alitekwa nao akiwa bado mtoto. Katika utumwa huo, yeye na mateka wenzake walishiriki kuiunda lugha ya miguso na ishara iliyowezesha pande mbili kuelewana. Alipoachiliwa, jeshi la nchi yake lilimtesa ili liipate siri aliyodhaniwa kuwa nayo. Sasa ni mkalimani, na kazi yake ni kuwaeleza waombaji kazi wenye hofu na chuki kwa nini wakubali kufanya kazi kwa wageni hao. Anawatofautishia watesi wake wawili: wageni walimuumiza kwa kutojua, wanadamu walimuumiza wakijua.

Noah hana itikadi ya kuuza. Hasemi kwamba wageni ni wema. Anasema kwamba hawaondoki, kwamba vita imeshashindwa, na kwamba lugha ya pamoja, hata ikiwa imezaliwa utumwani, ndiyo nafasi pekee ya kujadiliana. Katika usomaji wangu, hii ndiyo kauli ya ndani kabisa ya Butler kuhusu lugha. Lugha haileti usawa. Inafungua mahali ambapo kukosa usawa kunaweza kutajwa.

Linganisha na *Kusadikika*. Karama anasimama mbele ya baraza, ameshtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe waliotumwa nchi nyingine. Ufasaha wake unashinda. Shaaban Robert aliamini kwamba neno jema likisikika litazaa haki. *Walenisi* nayo imefumbata somo lake katika jina: wale ni sisi. Butler hangeweza kuandika jina hilo. Kwake, wale si sisi na pengine hawatakuwa sisi kamwe. Hata hivyo itatubidi tuishi nao. Tofauti hii haimfanyi bora kuliko waandishi wetu. Inatupa kiti cha pili cha kukalia tunapozungumzia maridhiano katika ukanda ambao majirani hawajawahi kuhitaji kufanana ili wadhuriane au wafaane.

6.0 Lugha inapopotea

"Speech Sounds" inaligeuza swali. Maradhi yameikumba dunia, yakawanyang'anya watu uwezo wa kusema, au wa kusoma na kuandika, au vyote. Mjini Los Angeles, ugomvi ndani ya basi unazuka kwa sababu hakuna anayeweza kuuliza wala kujibu. Butler ameeleza kwamba hadithi ilichipuka baada ya kushuhudia ugomvi wa damu ndani ya basi, akajiuliza ni lini wanadamu watajifunza kuwasiliana bila ngumi.

Rye, aliyewahi kuwa mwalimu wa historia na mwandishi, bado anaweza kusema lakini hawezi kusoma. Anakutana na Obsidian, mwanamume asiyeweza kusema. Anapotambua kutokana na ramani kwamba mwenzake anaweza kusoma, anajawa na wivu mkali kiasi cha kutaka kumuua. Hapa Butler amegusa jambo ambalo tafiti za kisomo hazilitaji mara nyingi: mgawanyo usio sawa wa uwezo wa lugha huzaa chuki, na chuki hiyo haimlengi aliyeinyima jamii lugha bali jirani aliyebaki nayo. Majina yenyewe yamegeuka vitu. Rye huvaa pini yenye umbo la shuke la nafaka. Obsidian huvaa jiwe jeusi. Mwishoni, baada ya Obsidian kuuawa, Rye anawakuta watoto wawili wadogo wanaosema. Anaamua kuwachukua na, kwa mara ya kwanza, analitamka jina lake mbele yao. Matumaini ya hadithi nzima yamewekwa katika nafasi ya mwalimu na watoto wawili.

7.0 Mahali ambapo Butler hatoshi

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia kwenye sifa. Kuna mambo mawili ambayo fikra za Butler kuhusu lugha zinayakwepa.

La kwanza ni kishawishi cha kuiruka lugha. Katika riwaya za mfululizo wa Patternist, watu wenye nguvu huunganishwa kwa akili bila maneno. Oankali huwasiliana kwa mguso usioweza kudanganya. Mara kwa mara Butler anaelekea kuamini kwamba mwili ni mkweli kuliko kinywa. Ni kweli kwamba anakisahihisha kishawishi hicho mwenyewe: Lauren Olamina ana hali ya kuzaliwa inayomfanya ayahisi maumivu ya wengine kana kwamba ni yake, na hali hiyo haimletei busara wala amani, inamwangusha chini wakati wa hatari. Anachokijenga Lauren, anakijenga kwa maandishi, mafundisho na mabishano. Lakini sahihisho hilo halijaingia katika kazi zote.

La pili linatuhusu kwa karibu zaidi. Lugha za Kiafrika katika bunilizi hizi ni majina kuliko sauti. Iyapo, Olamina na Bankole ni majina ya Kiyoruba, na katika mfululizo wa *Parable* yanaelezwa kuwa alama za familia za Wamarekani Weusi walioyachukua katika miaka ya 1960. Anyanwu anaanza riwaya yake katika ulimwengu wa Kiigbo, kisha lugha yake inafifia pasipo kuombolezwa. Mwandishi aliyeomboleza kwa undani kupotea kwa lugha yote katika "Speech Sounds" hakuiandikia tanzia lugha moja mahususi. Kwa msomaji wa Kigali, Bujumbura, Kampala au Bukavu, anayeishi kati ya lugha ya mama, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kimya hicho kinasikika.

8.0 Fumbo la mfasiri wa Kiswahili

Kazi za Butler zikifasiriwa, Kiswahili kitaleta tatizo ambalo Kiingereza hakina, na neema ambayo Kiingereza hakina. Katika jamii ya Oankali kuna jinsia ya tatu, ooloi, ambayo si ya kiume wala ya kike. Kiingereza kinamlazimu Butler kuitaja kwa kiwakilishi cha vitu, na hali hiyo inawasumbua wahusika na wasomaji. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viambishi vya nafsi. Nikanj "anakuja", "anasema", "anamgusa", bila kutuuliza ni mume au mke.

Mfasiri akitumia ngeli ya A-WA, atakuwa amempokea ooloi miongoni mwa watu tangu sentensi ya kwanza, na ugeni aliokusudia mwandishi utapungua. Akitumia I-ZI, atakuwa amemfanya kitu, na atakuwa amechagua upande wa wanadamu wanaomchukia. Kiingereza kiliuficha uamuzi huo ndani ya sarufi. Kiswahili kinamtaka mfasiri auamue waziwazi. Kwa maoni yangu A-WA ndiyo njia, kwa sababu Lilith mwenyewe anafika huko kwa uchungu, na sarufi yetu inaweza kumtangulia. Hasara ya ugeni inaweza kufidiwa kwa maelezo ya umbo na mwenendo.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Lauren anasafiri akiwa amejifanya mwanamume. Katika Kiingereza, kila kiwakilishi ni hatari ya kumfichua. Katika Kiswahili, maficho hayo yanakuwa mepesi mno, na mfasiri atalazimika kuihamishia hofu kwenye maneno ya uitaji: "kaka", "dada", "mama". Na jina *Kindred* lenyewe? "Jamaa", "akraba" na "udugu" vyote vinafaa kwa kiasi. "Udugu" ndio unaobeba kejeli yote ya riwaya, kwani Dana na Rufus wana damu moja, mmoja anafaa na mwingine anafaidi.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi umeonyesha kwamba dhamira zinazojirudia katika kazi za Butler, yaani mamlaka, utegemezi, mabadiliko na uundaji wa jamii, hukutana katika lugha: nani anaruhusiwa kuandika, nani anabeba mzigo wa kujifunza, nani anafasiri na kwa gharama gani. Methali tuliyoitumia imetoka ikiwa na nyongeza: undugu ni kufaana, mradi ijulikane nani analipa.

Kwa watunga sera, jambo hili si la fasihi peke yake. Katika miaka michache, Kiswahili kimepata matamko mengi. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kiwe lugha rasmi, ingawa katiba ya nchi hiyo ilikwisha kukitambua kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Pengo kati ya 2005 na 2022 linatosha kutukumbusha kwamba tamko si kalamu. Kwa sababu hiyo, makala inapendekeza mambo matatu.

Kwanza, programu za Kiswahili katika nchi ambako si lugha ya mama zipimwe kwa kile ambacho mwanafunzi anaweza kukiandika na kukipinga kwa lugha hiyo, pamoja na idadi ya waliofaulu mtihani. Lilith alifaulu kila mtihani aliopewa. Alichonyimwa kilikuwa karatasi.

Pili, walimu na wakalimani wa kwanza katika maeneo yenye kumbukumbu chungu ya Kiswahili wapewe mafunzo yanayoikiri historia hiyo. Noah anawashawishi wasikilizaji wake kwa sababu haanzi kwa kuisifu lugha anayoifundisha. Mwalimu anayeingia darasani Kampala na kuanza na sifa za Kiswahili atasikilizwa kwa adabu. Anayeanza kwa kukubali kwamba babu wa mwanafunzi aliisikia lugha hii kwenye kizuizi cha barabarani anaweza kuaminiwa.

Tatu, taasisi za kikanda, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zihimize na kugharamia tafsiri za bunilizi ya kubashiri kwa wasomaji vijana. "Speech Sounds" na "Amnesty" zafaa kuanza, kwa ufupi wake na kwa kuwa lugha ndiyo mada yake. Tafsiri hizo zisomwe pamoja na *Kusadikika* na *Walenisi*, ili kijana wa Goma au wa Gitega awe na njia zaidi ya moja ya kuwaza kesho yake, na aiwaze kwa Kiswahili ambacho ameanza kukiandika mwenyewe.